Je, Shule ya Marafiki Inamfaa Mwanao?

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama wetu mmoja katika mkutano wa mwaka, mbele ya wanafunzi wa zamani, wazazi, walimu na wanafunzi wa sasa. Inachapishwa hapa kwa ombi la waliohudhuria.)



Katibu wa Chama chetu aliponiandikia, alitaka nizungumze juu ya faida za elimu ya Marafiki. Nilimjibu kwamba hotuba ya kujisifu si kazi ngumu; kila mmoja wetu hapa anaweza kuitoa bila hata kuamka usingizini. Lakini wazazi wanaponijia nyumbani, hawaniulizi faida. Wananiuliza hivi: "Mzee, wewe ulisoma kule. Je, shule ya namna hiyo itamfaa mtoto wangu?" Swali hilo mimi nimelijibu mara mbili kwa watoto wangu mwenyewe. Mara ya kwanza nilifaulu, ingawa kwa bahati tu. Mara ya pili nilikosea, tena kwa kiburi changu. Na mwaka huu nimelazimika kulijibu mara ya tatu, kwa ajili ya mjukuu wangu. Basi naomba mnivumilie nieleze nilivyojifunza.

Kwanza, kwa faida ya vijana, niseme kwa kifupi Marafiki ni watu gani. Wengine huwaita Wakweka. Chama chao cha dini kilianza Uingereza katikati ya karne ya 17, kwa mahubiri ya George Fox, aliyezaliwa mwaka 1624. Fundisho lake kubwa lilikuwa kwamba nuru ya Mungu imo ndani ya kila mtu, awe mfalme au mchungaji, mwanamume au mwanamke. Kutokana na fundisho hilo yalizaliwa mambo ambayo Marafiki wanajulikana kwayo mpaka leo: ukweli, amani, usawa, na maisha yasiyo na makuu.

Juu ya ukweli walikuwa wakali mno. Walikataa kula kiapo mahakamani, wakisema kwamba mtu akiapa leo kuwa atasema kweli, ina maana kwamba jana alikuwa na ruhusa ya kudanganya. Wengi walifungwa gerezani kwa ajili hiyo. Na wenye maduka kati yao walitaja bei moja tu, wasipandishe kwa mgeni na kushusha kwa mjuzi. Haya nayataja kwa sababu yatarudi katika hadithi yangu.

Fox mwenyewe alihimiza shule. Mwaka 1668 alishauri zifunguliwe mbili, ya wavulana huko Waltham na ya wasichana huko Shacklewell, karibu na London, wafundishwe mambo yenye manufaa. Angalieni vizuri, ndugu zangu: mwaka 1668, na wasichana wamo. Shule ya Ackworth ilifunguliwa mwaka 1779 kwa wavulana na wasichana pamoja. Huko Marekani kuna shule ya Sidwell Friends mjini Washington, iliyoanzishwa mwaka 1883, ambako walisoma mabinti wawili wa Barack Obama baba yao alipokuwa rais. Kwa hiyo wajukuu wa mzee wa Kogelo nao walipitia mikononi mwa Marafiki.

Kwetu sisi mambo yalianza Kaimosi mwaka 1902, walipofika Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Edgar Hole na Arthur Chilson. Waliuita utume wao utume wa kazi za mikono, na kweli waliweka kinu cha kupasulia mbao, wakafundisha kusoma na ufundi pamoja. Mwaka 1946 Mkutano wa Mwaka wa Afrika Mashariki uliundwa, na leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Ndiyo maana tunazo Kaimosi, Kamusinga, Lugulu, na nyingine nyingi ambazo nikizitaja zote tutalala hapa.

Sasa naingia katika swali lenyewe.

Jambo la kwanza ambalo mzazi hana budi kulijua ni kwamba jina lililo langoni halimwambii mengi. Mpaka miaka ya 1960, misheni ndiyo iliyoendesha shule zake. Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 ilizifanya misheni kuwa wadhamini tu. Walimu huajiriwa na kupelekwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu, ambayo haiulizi kama mwalimu ni Rafiki, Mkatoliki au Mwislamu. Chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, mdhamini ana wajumbe watatu katika halmashauri ya shule, naye hushauri juu ya mambo ya kiroho, lakini anatakiwa alinde imani ya wanafunzi wa madhehebu mengine. Kwa hiyo wewe mzazi Mwislamu au Mkatoliki usiogope kwamba mtoto wako atabadilishwa dini kwa nguvu. Na wewe mzazi Rafiki usidhani kwamba, kwa kuwa kibao kimeandikwa hivyo, basi shughuli imekwisha.

Wala msitafute kwetu zile ibada za kimya mnazosikia ziko Uingereza, ambako watu huketi saa nzima bila mhubiri wala wimbo. Sisi huku tunaimba, tunahubiri, na ngoma zinalia. Hata hivyo, wenzangu wa rika langu mtakumbuka zile dakika tano za kimya kila asubuhi kabla ya masomo. Wengine tulizitumia kufikiria uji. Lakini nathubutu kusema kwamba mtu aliyezoea kunyamaza dakika tano kila siku kwa miaka minne hapandwi na hasira haraka kama mwingine.

Mtoto wangu wa kwanza nilimpeleka shule ya Marafiki kwa sababu moja tu: mimi nilisoma kwa Marafiki. Sikumwuliza yeye, wala mama yake. Akiwa kidato cha 1 alivunja kioo cha dirisha la bweni kwa mpira. Hakuna aliyemwona. Usiku ule hakulala, na asubuhi akaenda mwenyewe kwa mwalimu wa zamu. Mwalimu yule hakumpiga. Alimwuliza kioo kile ni bei gani. Mtoto hakujua. Akatumwa kwa fundi wa shule akaulize, kisha akatoa nusu ya bei kutoka katika fedha zake za matumizi, na Jumamosi akamsaidia fundi kukiweka. Yakaishia hapo. Jina lake halikutajwa mbele ya wenzake.

Niliposikia nilicheka tu, nikasahau. Sikujua kwamba somo lile litanifikia mimi mwenyewe nyumbani.

Ilikuwa Desemba mwaka 2005. Wakati huo nilikuwa karani katika kiwanda cha sukari, na mishahara ilikuwa imechelewa. Karo ilikuwa inanisumbua. Serikali ilikuwa imeanzisha Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge mwaka 2003, na kulikuwa na fomu za basari kwa watoto wa maskini na mayatima. Nikaleta fomu moja nyumbani. Mahali palipoulizwa kazi ya mzazi, nikaandika kwamba sina kazi, mimi ni mkulima wa shamba dogo. Kisha nikamwita mwanangu atie sahihi pale pa mwanafunzi.

Akaisoma. Akaisoma tena. Akasema, "Baba, hapa pameandikwa kwamba huna kazi."

Nikamwambia, "Tia sahihi."

Akasema, "Nisamehe, baba. Siwezi."

Ndugu zangu, nawaambia ukweli mbele ya watu hawa wote: nilimkasirikia mtoto yule kama vile ameniibia. Nilimwambia kwamba arudi kwa hao Marafiki wake wamlipie karo. Siku mbili sikusema naye. Siku ya tatu, mama yake aliniletea chai uani, akaketi, akaniuliza kwa upole, "Baba watoto, ulimpeleka kule akafundishwe nini?"

Sikuwa na jibu. Nilichana ile fomu. Januari niliuza mtamba mmoja niliyekuwa nikimtegemea kwa maziwa, nikalipa karo. Mwaka mzima tulikunywa chai ya mkandaa. Sisemi kwamba nilifurahi, ng'ombe aliniuma. Lakini tangu siku ile nimeelewa kwamba shule ya Marafiki, ikifanya kazi yake sawasawa, humrudisha mtoto nyumbani akiwa na macho ya kumwona baba yake. Kwa hiyo unapouliza kama shule hiyo inamfaa mwanao, jiulize pia kama wewe mwenyewe uko tayari. Mzazi anayetaka mtoto apate alama tu, na akirudi nyumbani aendelee kusema kwa mgeni mlangoni kwamba "Baba hayuko" na baba yuko chumbani, basi asijisumbue. Zipo shule nyingine nzuri.

Hiyo ndiyo mara niliyofaulu kwa bahati. Sasa ile niliyokosea.

Binti yangu alipomaliza darasa la 8, nilikuwa nimejaa kiburi. Nilikuwa mjumbe wa Chama chetu hiki, nina beji kwenye koti. Nikamtafutia shule ya wasichana ya Marafiki, ambayo sitaitaja. Sikwenda kuitazama. Niliona jina, nikatosheka.

Mwaka 2012, akiwa kidato cha 2, aliwaona viranja wawili wakitoa sukari na mikate ghalani usiku. Akaenda kumwambia msimamizi wa bweni, kama alivyofundishwa na kaka yake na, nadhani, na mimi. Jambo likageuzwa. Ikasemwa kwamba ameleta fitina na kuchochea wenzake. Akafukuzwa wiki mbili.

Nilivaa koti langu lenye beji nikaenda. Nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi kwa saa mbili, na ukutani mbele yangu paliandikwa kwa rangi ya buluu: UKWELI, AMANI, USAWA. Nilisoma maneno yale mpaka nikayachoka. Nilipoingia, nilielezwa kwa heshima nyingi kwamba jina la shule ni lazima lilindwe. Sukari haikutajwa kabisa.

Kosa lao nimelisema. Na langu mimi ni hili. Nilimwacha binti yangu pale muhula mzima baada ya hapo, kwa sababu niliona haya kuja mbele yenu na kusema kwamba nimemtoa mtoto katika shule ya Marafiki. Katika muhula ule mtoto aliyekuwa akitueleza kila kitu, mpaka tukamwambia apumue kwanza, alinyamaza. Ukimwuliza habari za shule anajibu, "Ni sawa tu." Kimya kile hakikuwa kile cha Marafiki. Mwisho nilimhamisha nikampeleka shule ya kutwa ya serikali, isiyo na kanisa lolote nyuma yake, ambako mwalimu mmoja wa Kiswahili alikuwa na desturi ya kuwasikiliza watoto. Ilichukua karibu mwaka mmoja ndipo tukasikia tena sauti yake mezani.

Kwa hiyo, wazazi, nawapa maswali manne ambayo ningetaka mimi niwe nimeyauliza.

La kwanza: Mtoto akikosa na akasema mwenyewe, anafanywa nini? Hili ndilo kubwa kuliko yote. Usimwulize mwalimu mkuu, maana atakujibu vizuri. Waulize wanafunzi, mpishi, na mlinzi wa lango. Kuchapa watoto shuleni kumepigwa marufuku Kenya tangu mwaka 2001, na sheria ya mwaka 2013 ikakazia. Lakini fimbo siyo adhabu peke yake. Kumwaibisha mtoto mbele ya gwaride ni fimbo pia.

La pili: Watoto wakigombana, wanapatanishwa vipi? Marafiki wanajulikana kwa amani. Mwaka 1947 vyama vyao viwili vya huduma, cha Uingereza na cha Marekani, vilipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Sisi wa magharibi mwa Kenya tunakumbuka yaliyotokea baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,000 walipouawa nchini. Shule inayowalaza watoto wa makabila mbalimbali chumba kimoja na haina njia ya kuwaketisha wagombanao wakasikilizana, hiyo inangoja moto.

La tatu: Mtoto wa mwenye nacho na mtoto wa mjane wanaishi namna moja? Tazama viatu, tazama vitu vinavyoingizwa siku ya wageni. Marafiki husema usawa na maisha ya kiasi. Ukiona shule inashindana kwa mabasi na michango kila muhula, uliza.

La nne: Mtoto mwenyewe ni wa namna gani? Mtoto mwenye maswali mengi atastawi pale anaposikilizwa. Mtoto anayehitaji kusukumwa kila saa huenda akapotea pale anapoachiwa dhamiri yake. Na asiwepo anayedhani kwamba upole huu ni uzembe. Waulizeni waliokutana na vijana wa Kamusinga katika uwanja wa mpira wa magongo!

Nendeni siku ya kawaida, siyo siku ya wageni. Siku ya wageni kila shule ni ya Marafiki.

Sasa nimalizie na mjukuu wangu. Yuko Gredi ya 9, na chini ya mtaala mpya anatakiwa kuchagua shule za kuendelea nazo Gredi ya 10. Safari hii niliamua tufuate desturi ya Marafiki wenyewe. Katika mikutano yao hapapigwi kura. Kila mtu husikilizwa, karani huandika lile ambalo mkutano umekubaliana na kulisoma papo hapo, na kama hamjakubaliana jambo huahirishwa. Basi tuliketi nyumbani, mimi, bibi yake, wazazi wake na yeye mwenyewe, na karani tukamchagua shangazi yake, yule binti yangu niliyewaeleza. Mjukuu alipopewa nafasi alisema, "Babu, naiogopa shule yako kwa sababu unaisifu mno. Nataka kuiona kwanza." Shangazi akaandika hivyo.

Bwana Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, sikuwaarifu, lakini tulikuja hapa Jumanne moja bila beji. Mjukuu wangu alimkuta mwanafunzi mmoja akifua nguo nyuma ya bweni, akamwuliza, "Hapa ukikosa ukasema mwenyewe, inakuwaje?"

Kijana yule alisimama na shati lake mkononi, akafikiri, kisha akajibu, "Inategemea ni mwalimu gani yuko zamu."

Jibu hilo lilinifurahisha na likanihuzunisha. Lilinifurahisha kwa sababu kijana hakumdanganya mgeni. Angeweza kuisifu shule, naye hakusifu. Hata sikujua jina lake, na naomba asitafutwe ila kwa kupongezwa. Lilinihuzunisha kwa sababu najua maana yake, na binti yangu anajua zaidi.

Usiku ule tuliketi tena. Mjukuu alisema angependa shule hii iwe ya kwanza katika orodha yake, kwa sababu ya kijana yule. Wengine tulikubali, na shangazi akaandika. Lakini kabla ya kufunga daftari aliongeza sentensi moja, akatusomea, nami nimeagizwa niisome hapa: kwamba babu aende akawaombe wenzake na walimu, ili mtoto atakapofika Januari, jibu la swali lile lisitegemee zamu ya mtu.

Hilo ndilo ombi langu kwa mkutano huu. Wanachama tumezungumza asubuhi juu ya kuchanga fedha za ukumbi mpya, na ni jambo jema, nami nitatoa changu. Lakini naomba Chama, walimu na wawakilishi wa wanafunzi waketi kabla ya muhula ujao, waandike namna moja ya kumpokea mtoto anayesema kweli juu ya kosa lake au la mwenzake, na namna hiyo ifuatwe na kila aliye zamu. Haitagharimu bati wala saruji.

Na nyinyi vijana, msiwaonee haya wazazi wenu mkirudi likizo. Wakiwakasirikia siku mbili, wapeni siku ya tatu.

Mungu aibariki shule yetu.